Ukurasa Usiohitaji Beseni

Jumatatu, kipindi cha pili, Mwalimu wa Kiingereza alitandika gazeti juu ya meza ya darasa la saba, akapanga juu yake beseni la plastiki, jagi la maji, bilauri mbili, kitambaa kikavu, kitambaa kibichi na brashi ya kusugulia. Vitu hivyo alivibeba kila siku katika kikapu, huu ukiwa mwaka wa kumi na tisa, kwa kuwa alikuwa na kanuni moja ya kufundisha ambayo hakuwahi kuivunja: tenda kwanza, sema baadaye. Mtoto hakuruhusiwa kutamka kitenzi ambacho mikono yake haijakifanya.

Somo la siku hiyo lilikuwa tofauti kati ya “wash” na “rinse”. Watoto walivichanganya, na kosa halikuwa lao peke yao. Nyumbani kwao mtu huosha vyombo, hufua nguo, hunawa mikono na huoga mwili, wala hakuna aliyewahi kujisahau akaoga sahani. Kisha wanafika shuleni na kuambiwa kwamba kwa Kiingereza yote manne ni “wash”. Wakishasikia hivyo huona neno hilo linatosha kwa maji yote duniani, na kuwarudisha nyuma huwa ni kazi.

Kitabu cha vitenzi kilitolewa bure na Wakala, bwana mmoja mnadhifu aliyekuwa akiwapeleka wanawake wa mtaa huo nchi za mbali kufanya kazi za ndani. Ilisemekana kwamba miaka ya nyuma mwanamke mmoja aliambiwa na mwenye nyumba apanguse televisheni, naye akaiosha, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akaisimamisha juani ikauke. Alirudishwa wiki hiyo hiyo. Tangu hapo Wakala aliamini sana katika elimu. Kati ya watoto thelathini na wanne wa darasa hilo, ishirini na sita walilelewa na bibi zao.

Aliyeitwa mbele alikuwa msichana wa dawati la pili, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Chiriku aliosha bilauri kwa povu, akaliweka beseni pembeni, akasuuza bilauri kwa maji ya jagi mpaka ikalia chini ya kidole. Ndipo akasema, kwa matamshi safi, “She is rinsing the glasses.”

Mama yake akawa amesimama kati ya meza na ubao. Alivaa aproni ya kijivu, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, na alikuwa akisuuza bilauri zenye miguu mirefu chini ya bomba ambalo darasa halikuwa nalo. Maji yalimwagika sakafuni kama kawaida ya maji. Mwalimu aliwaambia wa dawati la mbele wainue mabegi yao.

“Sketi yako imekuwa fupi,” mama alimwambia Chiriku, bila kuacha kusuuza. “Mwambie bibi aushushe upindo. Aliuacha mkubwa makusudi.”

“Nimemwambia. Anasema macho yake hayaoni tundu la sindano.”

“Basi mtungie wewe uzi, yeye ashone. Unakula?”

“Nakula.”

“Mbona shingo hiyo?”

“Ndiyo shingo yangu, mama.”

Darasa lilicheka, na mama naye akacheka kidogo. Bilauri zake zilikuwa sita. Alipomaliza ya sita bomba lilifungwa na yeye hakuwapo tena. Chiriku alirudi kwenye dawati lake, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hakusema neno mpaka kengele ikalia.

Mwalimu mkuu alipopata habari alisikitishwa na jambo moja tu. Kanuni za shule zilitaka kila mgeni apitie ofisini na kusaini kitabu cha wageni, na huyu hakupitia popote. Alikitoa kitabu ofisini, akakifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ya darasa la saba. Katika siku zilizofuata akina mama walikuja kwa kadiri watoto walivyofaulu: mmoja akipiga pasi mashati, mmoja akipangusa vioo vya dirisha refu kuliko ukuta wa darasa, wawili wakifua. Walisaini walipoweza, kwa mikono yenye maji, na kurasa za kitabu zikavimba. Chini ya safu ya “Sababu ya kuja” wengi waliandika “Kazi”.

Watoto walielewa haraka kuliko mwalimu wao jinsi jambo lile linavyokwenda. Mama alikuja pale tu ambapo kitenzi alichokisema mtoto wake ndicho alichokuwa akikifanya yeye saa ile, na alikaa kwa urefu wa kazi hiyo. “Wipe” lilikuwa neno la dakika moja, mbili ukibahatika na meza kubwa. “Scrub” lilikuwa nusu saa. Wakaanza kugombea “scrub”.

“Mwalimu, huyu jana alisugua!” alilalamika mmoja. “Kila siku yeye tu! Mama yake anasugua nini huko, uwanja wa ndege?”

“Wako si anakunja shuka? Kunja na wewe.”

“Kukunja kunaisha upesi.”

“Mwambie awe anakunja polepole.”

Mwalimu akaweka zamu, akaibandika ukutani. Hakuna mtoto aliyekumbatiwa. Mikono ya akina mama ilikuwa na kazi, na watoto, waliofundishwa tabia njema, hawakumsumbua mtu aliye kazini.

Mwalimu mwenyewe aliishi vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa na sahani mbili, na moja ilikuwa haijawahi kulowa kwa miaka sita. Jioni alisahihisha madaftari, akasikiliza taarifa ya habari, akaizima redio kabla ya muziki. Kwa siku nyingi sauti yake ya mwisho kusikika nje ya darasa ilikuwa ile ya kumuaga mlinzi wa lango la shule.

Sahani kavu ilikuwa ya binti yake. Huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake bora kupita wote: akiwa na miaka kumi alijua kutofautisha “wipe” na “dust” akiwa amefumba macho, kwa kusikiliza tu kitambaa. Alipofikia umri, Wakala alihitaji barua ya mwalimu ya kumthibitisha. Mwalimu aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa siku za mitihani, akieleza kuwa mwombaji anavijua vitenzi vyote vya kitabu na havichanganyi hata akiwa amechoka. Alijivunia barua ile. Alibaki na nakala yake.

Miaka minne ya kwanza binti alipiga simu kila Jumapili. Kisha kila mwezi. Simu ya mwisho ilikuwa na miezi kumi na minne sasa, na ilikuwa fupi: “Mama, nimebadilishwa nyumba. Huku kazi ni nyingine. Nitakupigia nikitulia.” Inaelekea alikuwa hajatulia.

Kwa hiyo, wiki ya pili baada ya ujio wa mama yake Chiriku, Mwalimu alianza kurudi nyumbani na kikapu badala ya kukiacha shuleni. Alifunga mlango, akaweka beseni sakafuni, akaosha sahani zake mbili, kisha akasema kwa sauti ya darasani, “She is washing the plates.” Akasubiri. Akasuuza, akasema. Akapangusa meza, akasema. Hakuja mtu. Saa za huko hazikulingana na za hapa, hivyo siku iliyofuata aliamka mapema akaanza tena kabla ya kwenda kazini. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alisugua kizingiti mpaka kikabadilika rangi. Aliazima pasi.

Ukuta kati yake na jirani, fundi cherehani mwenye kicheko cha kusikika mbali, ulikuwa mwembamba.

“Mwalimu!” fundi aliita siku ya nne. “Una harusi humo ndani? Beseni halipumziki!”

“Najifunza, jirani.”

“Miaka yote hiyo hujajua kufua? Njoo nikufundishe, mimi nimefua watoto watano wakatakata!”

Mwalimu alicheka kwa adabu, akaendelea. Alikwenda na kitabu kitenzi kwa kitenzi: kufagia, kupiga deki, kukamua, kuanika, kukunja, kung’arisha viatu. Kila alipomaliza ukurasa aliweka alama ya penseli pembeni. Alipoona alama zimefika ukurasa wa thelathini na moja na bado vyumba ni viwili na mtu ni mmoja, alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akatazama mikono yake. Ilikuwa imekunjamana kama ya mwanamke aliyeajiriwa.

Mwishoni mwa mwezi Wakala alikuja kufanya mtihani wake wa kila mwaka. Alivaa suti ya rangi ya mchanga na alikuwa na tabia ya kusalimia kila mtu, hata paka wa jikoni. Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi: alitaja kitenzi, mtoto akakifanya. Waliofaulu waliandikwa katika daftari lake na majina yao kutunzwa mpaka watakapofikia umri. Siku hiyo, kila mtoto aliyefanya na kutamka sawasawa kitenzi alichokuwa akikifanya mama yake saa ile, mama huyo alikuja, na kufikia saa nne kulikuwa na wanawake watano wakifanya kazi kati ya madawati.

Wakala aliwatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Huyu nilimpeleka mimi. Na huyu. Huyu amenenepa.” Kisha akageuka kwa watoto. “Mkiwapenda, msiwasemeshe. Wako kazini, na waajiri wao hawapendi mtu anayeongea peke yake.”

Mama yake Chiriku, aliyekuwa akipangusa rafu, aliinua macho. “Shikamoo, bwana,” alisema. “Ule mkataba wangu uliisha mwaka juzi.”

“Marahaba, mama. Nitaufuatilia.”

“Na pasipoti?”

“Iko salama kabisa. Wameiweka mahali salama.”

Rafu ikaisha. Wakala aliandika katika daftari lake, na alichoandika ni jina la Chiriku, aliyepata alama zote.

Mwalimu alimsindikiza Wakala hadi langoni. Alikuwa amelipanga swali lake tangu alfajiri, akalipunguza maneno mpaka likabaki jepesi la kubebeka.

“Binti yangu yuko wapi?”

“Yuko kazini, Mwalimu. Asingekuwa kazini ningepata malalamiko.”

“Kazi gani? Nimemaliza kitabu kizima.”

Wakala alisimama. Alikuwa mtu wa kuheshimu maswali ya kitaaluma. “Kizima? Na ukurasa wa mwisho?”

 Ukurasa wa thelathini na mbili Mwalimu hakuwahi kuufundisha, si mwaka huo wala mwaka wowote. Ulikuwa na vitenzi vitatu, “look”, “see” na “watch”, na hakikuwapo chombo cha kutia kikapuni. Angeleta nini mezani? Kila mwaka alifika ukurasa wa thelathini na moja, akafanya marudio, akafunga muhula.

“Ule ni kwa wanaokwenda kukaa na wazee,” Wakala alisema. “Zamani hawakuwa wengi. Sasa ndio wanaohitajika zaidi.” Akamuaga, akamuaga mlinzi, akaondoka.

Kesho yake Mwalimu aliingia darasani mikono mitupu. Watoto walitazama mlangoni, wakidhani kikapu kinakuja nyuma yake.

“Leo hatuna beseni,” alisema. “Nani ataniambia tofauti ya kutazama na kuona?”

 Aliwapeleka dirishani, wote thelathini na wanne, akawaambia watazame nje na kila mmoja ataje alichokiona. Walitaja ukuta, kandambili moja, waya wa umeme. “Mmetazama wote mahali pamoja,” alisema, “lakini kila mtu ameona chake. Kutazama unakufanya wewe. Kuona kunakujia kwenyewe, na siku nyingine hakuji.” Aliandika ubaoni. “Watch” alishindwa kuliandikia maelezo, chaki ikabaki hewani.

“Mimi nalijua, Mwalimu,” alisema Chiriku. “Ni kama bibi na maziwa jikoni. Ukiondoa macho tu, yamefurika. Unatazama, halafu huruhusiwi kuacha.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mwenye maziwa aseme basi.”

Mwalimu aliandika hivyo hivyo. Watoto walikaa dakika kumi wakikodolea macho kipande cha chaki kilichosimamishwa juu ya meza, ili kitenzi kipite machoni mwao kabla ya mdomoni. Walipotamka, hakuna mama aliyekuja. Mama zao walikuwa na sakafu na vyombo.

“Mwalimu,” Chiriku akauliza wakati wengine wakitoka, “wewe unamsemea nani?”

“Toka nje ucheze,” Mwalimu alisema.

Jumamosi, saa kumi alasiri, jua likiwa limefika kwenye mguu wa kitanda, Mwalimu alisogeza kiti kimoja ukutani, akakaa kwenye kingine, akautazama mto wake. Tenda kwanza. Alitazama mpaka ule mwanga wa jua ukapanda juu ya shuka. Alitamani kuangalia saa, hakuangalia. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Shingo ilimuuma, macho yakamtoka machozi yasiyo ya huzuni. Alipohakikisha kwamba mwili wake umekielewa kitenzi, alisema, “She is watching.”

Binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili. Alivaa koti jepesi la samawati lenye vifungo mbele, nywele zimekatwa fupi, viganja juu ya magoti. Alikuwa amekonda usoni kama mtu aliyelala kwa vipande. Macho yake yalikuwa kitandani, usawa wa mto.

“Shikamoo, mama,” alisema. Hakugeuka.

“Marahaba, mwanangu.” Mwalimu alisimama, akataka kwenda mbele yake.

“Usinikinge, mama. Tafadhali. Kuna kamera kule juu ya pazia. Nikiondoa macho inaandika.”

Mwalimu alirudi nyuma, akasimama kando. “Unamwangalia nani?”

“Bibi mmoja. Huwa anasahau kupumua akilala. Akisahau namgusa bega, anakumbuka.”

“Na wewe unalala saa ngapi?”

“Akiamka anakuja mwingine. Kama yupo.”

“Umekula?”

“Nitakula.”

“Mbona hupigi simu?”

“Simu wameiweka kabatini. Wanasema inavuta macho.” Binti alihesabu pumzi kimoyomoyo, midomo ikicheza. “Nywele zako zimekuwa nyeupe, mama?”

“Umejuaje, na hujaniangalia?”

“Sijaona. Nauliza.”

Mwalimu alijishika kichwa. Zilikuwa nyeupe, na hakuwa na wa kumwambia tangu lini. Alikuwa na mambo mengine mengi ya kusema, miezi kumi na minne ya mambo, na barua moja ya uthibitisho, lakini aliona kwamba kila neno lilimgharimu binti yake juhudi, maana alilazimika kusikiliza huku anahesabu. Alisimama pale kando ya kiti, karibu kiasi cha kusikia harufu ya dawa kwenye koti lile, na hakuna mstari wowote kutoka kwenye macho ya binti yake uliopita alipokuwa amesimama.

Basi akavua viatu. Akazunguka kwa nyuma, ili asimkinge, akapanda kitandani kutoka upande wa ukuta, akalaza kichwa juu ya mto, pale pale.

Macho ya binti yakawa juu yake.

Hayakubadilika. Yalikuwa macho yale yale ya subira, yanayopima kifua kikipanda na kikishuka. Baada ya muda binti aliinama, akavuta shuka, akamfunika mabega kwa uangalifu, kama alivyokuwa amefundishwa na watu wengine, mahali pengine.

“Unaniona?” Mwalimu aliuliza.

“Nakuangalia, mama,” binti alisema. “Lala.”

Jua lilipotoka kitandani kiti kilikuwa kitupu. Fundi cherehani aligonga ukuta akauliza kama kuna mgeni, maana alisikia maongezi. “Binti yangu alipita,” Mwalimu alijibu. Fundi akasema ni jambo jema, na mbona hakusalimia. “Alikuwa kazini,” Mwalimu alisema, na fundi akaelewa.

Jumatatu matokeo ya mtihani yaliletwa. Waliofaulu walikuwa kumi na wawili, Chiriku wa kwanza. Pamoja na matokeo kulikuwa na barua kutoka kwa Wakala ikiishukuru shule, ikiomba ukurasa wa thelathini na mbili upewe vipindi zaidi, na ikiambatanisha fomu kumi na mbili za uthibitisho wa mwalimu. Mwalimu mkuu aliziweka mezani pa Mwalimu pamoja na kalamu. Mwalimu aliishika ya Chiriku kwa muda mrefu. Nje, dirishani, msichana huyo alikuwa akiruka kamba na sketi yake iliyoshushwa upindo, akihesabu kwa sauti kubwa na kudanganya hesabu. Fomu hazikuwa na sehemu ya maoni. Bila sahihi, alikumbushwa, watoto wangekosa nafasi, na bibi zao wangekuja kuuliza ni kwa nini.

Alisaini zote. Kisha akatandika gazeti, akapanga beseni, jagi na brashi, kwa kuwa darasa la sita nalo lilikuwa likichanganya “wash” na “rinse”.

Jumamosi alibadilisha shuka. Saa kumi alikaa, akatazama mto, akasema sentensi yake, na kabla binti hajamaliza kumwamkia alikuwa tayari ameshapanda kitandani. Hawakuongea sana. Alilala chali, mikono kando, nywele nyeupe zimetandazwa ili zionekane, na akajitahidi kupumua sawasawa, bila kusahau hata mara moja, asije akamwongezea mtoto kazi.